Tope Chini ya Kopo

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, mwanga ndiyo kwanza unapenya, Shangazi na mdogo wake walikuwa wamesimama ziwani, nusu ya miguu yao kwenye maji na nusu kwenye tope, wakikumba maji kutoka kwenye mtumbwi uliozama.

Haukuzama kwa bahati mbaya. Wavuvi wa upande ule huzamisha mitumbwi yao kila jioni. Wanaijaza maji mpaka inalala chini kwenye tope, mbao zisikauke zikapasuka, na wanafunzi wa chuo wasipate cha kuchezea. Asubuhi wanaikumba, inainuka, wanakwenda kuvua. Ni kazi ya watu wawili na ndoo mbili, na robo saa inatosha kama mtumbwi hauna ukaidi.

Ndoo ya tatu ya Shangazi ilikuja na perege wa ukubwa wa kiganja, mdomo wazi, amekufa. Mdogo wake akamwaga ya kwake, wakatoka wawili. Wakakumba bila kusemezana mpaka mtumbwi ukaelea, na ulipoelea walikuwa wametoa perege kumi na mmoja, wote maiti. Hapo ndipo Shangazi alipoinua macho akalitazama ziwa. Lilikuwa limejaa matumbo meupe, kutoka ukingo wa wavuvi hadi ukuta wa chuo.

"Ni wote," alisema mdogo wake.

Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Watu walimwita Kimya, na jina hilo hakuzaliwa nalo. Miaka miwili iliyopita alikuwa mlinzi wa chuo, namba nne, lindo la ziwani. Injini ya boti ya chuo ikaibwa kwenye zamu yake, jina lake la herufi kubwa likafutwa kwenye ubao wa walinzi, akafukuzwa bila kushtakiwa, na hilo ni baya kuliko kushtakiwa, maana aliyeshtakiwa ana siku ya kushinda kesi. Akarudi kuvua na dada yake. Maneno yakampungua mwezi hadi mwezi, na Shangazi akajikuta anasema kwa niaba ya wawili. Kwa bahati nzuri Mungu alikuwa amempa mdomo wa kutosha.

"Mwite mwalimu wa maji kule chuoni," alimwambia. "Mimi nazunguka kuangalia mfereji. Chelewa kidogo tu uone, watasema ni sisi."

Waliuacha mtumbwi peke yake, umefungwa kwenye kigingi, ubavu ukigusa ukingo mkavu. Ilikuwa saa kumi na mbili kamili.

Hofu ya Shangazi ilikuwa na sababu. Ziwa lile lilikuwa linakufa kwa tope. Miaka kumi mifereji ya mji ilikuwa inalimwagia udongo, hata mahali ambapo zamani upondo wa kusukumia mtumbwi ulizama wote sasa kuku angevuka bila kulowesha kifua. Chuo kilitaka lifukiwe kabisa yajengwe mabweni. Wavuvi walitaka lichimbwe. Wakaandika barua, wakaandamana, wakalala kwenye ngazi za manispaa, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, wakashinda. Mashine ya kuchimba tope ilikuwa iingie Jumatatu, na siku ile ilikuwa Ijumaa.

Aliporudi kutoka mfereji, saa kumi na mbili na dakika ishirini, alikuta watu wameuzunguka mtumbwi. Mbele yao alisimama mkuu wa walinzi wa chuo, mtu aliyependa kuitwa Kamanda, basi wakamwita. Shati limepigwa pasi, mkanda unang'aa, na miguuni raba nyeupe. Pembeni yake alikuwapo Bwana Majengo, msimamizi wa mali za chuo, na walinzi wawili wamemshika Kimya mikono.

Kamanda aliinama nyuma ya mtumbwi, penye kibao kidogo cha kuwekea chambo, akainua kopo la bati la dawa ya wadudu wa bustani. Hakutafuta. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja.

"Sumu," alitangaza. "Mwizi wa injini sasa ameua ziwa zima."

"Kopo hilo halikuwapo," alisema Shangazi. "Robo saa iliyopita nilikuwa ndani ya mtumbwi huo kwa mikono yangu miwili."

"Mama, wewe ni dada yake."

"Ndiyo, na nina macho vilevile."

Bwana Majengo alikwishatoa barua kwenye mkoba. "Leo saa kumi jioni kamati ya chuo inasaini," alisema. "Ziwa linafungwa kwa wavuvi, uchimbaji unasimama, litafukiwa. Nimevumilia vya kutosha."

Shangazi aliitazama barua ile. Imechapwa, ina mhuri, haina hata kunyanzi moja. Mtu gani huyo anayechapa barua ya msiba kabla ya msiba? Akaliweka swali hilo kibindoni.

*

Polisi aliyetumwa alikuwa Sajini mmoja mwenye jino bovu. Shavu lake la kulia lilikuwa limevimba, na kila neno alilisema kwa upande wa kushoto. Alifika saa moja kasorobo, akaketi kwenye kibanda cha walinzi, akaanza kuandika. Shangazi alijiweka nje, chini ya dirisha, na aliyemwambia aondoke aliambiwa aende akamwite mkubwa wake.

"Ulimwona saa ngapi?" aliuliza Sajini.

"Saa tisa na dakika kumi usiku," alijibu Kamanda. "Nilikuwa nakagua malindo. Taa ya nyumba ya pampu inafika mpaka ng'ambo. Mtumbwi wake ulikuwa unaelea pale pale kwenye kigingi chake, na yeye amesimama ndani, anamwaga kitu majini."

"Mbona hukumkamata?"

"Nilidhani anamwaga maji machafu. Asubuhi nilipoona samaki ndipo nikaunganisha."

"Una uhakika ni mtumbwi wake?"

"Sajini, una doa la rangi ya samawati ubavuni. Niliuona unaelea kama ninavyokuona wewe."

Chini ya dirisha Shangazi alifumbua mdomo, kisha akaufumba. Mwanamke yule alikuwa hajawahi kumeza neno tangu utoto wake, lakini hilo alilimeza, likashuka kwa shida. Alisubiri mpaka akasikia kalamu inatua mezani, ndipo akainuka akaingiza kichwa dirishani.

"Sajini mwanangu, umeandika yote? Mpaka hilo la kuelea? Basi asaini. Asije akabadilika ulimi mchana."

"Kwa nini nisisaini mimi?" Kamanda alicheka, akasaini kwa mbwembwe.

Zamu ya Kimya ilikuwa fupi. Alisema hakumwaga kitu, kisha akanyamaza. Sajini alimbembeleza, akamtisha, akamkaripia kwa upande ule mmoja wa mdomo. Kimya aliangalia mikono yake.

"Mama," Sajini alimwambia Shangazi nje, "kopo lipo, shahidi yupo, na huyu hajitetei. Saa kumi naondoka naye."

"Kujitetea alijitetea miaka miwili iliyopita, kukamchosha. Nipe mpaka hiyo saa kumi. Nitakachokuonyesha utakiona kwa macho yako, sitaki uniamini mimi."

Sajini alijishika shavu. "Ukinionyesha bila kunisemesha sana, nakuja."

*

Saa mbili na nusu Shangazi na Sajini walimkuta mwalimu wa maji chumbani kwake chuoni, kati ya machupa ya tope yaliyoandikwa tarehe. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, hajalala vizuri. Shangazi hakumpa hata nafasi ya kukaribisha.

"Mwalimu, jana jioni ulikuwa kwenye maji. Wewe kila wiki unachokonoa tope. Jana ulichokonoa nini?"

"Nilijua utaniuliza, Shangazi." Alionyesha bomba la plastiki ukutani, unene wa kifundo cha mkono. "Hili tu. Mara tatu. Ng'ombe mmoja akinywa maji anavuruga zaidi. Saa moja usiku nilikuwa hapa, na mlinzi wa jengo alinifungulia lango."

"Basi tuambie, ni sumu?"

"Kambare wako wapi?" mwalimu aliuliza badala ya kujibu.

Shangazi alipiga paja. Alikuwa ameona tangu alfajiri bila kuona. Kambare hawakufa hata mmoja. Walikuwa wanapanda juu, wanameza hewa, wanashuka. Na kunguru walikuwa wamekula perege waliokufa tangu jua lichomoze, na bado walikuwa wanagombana kwa nguvu zao zote.

"Sumu ingewachukua na kambare," alisema mwalimu, safari hii akimgeukia Sajini. "Hawa wamekosa hewa ndani ya maji. Ziwa lina kina kifupi, chini kuna tope la miaka lililooza. Ukilivuruga sana, linainuka na kula hewa yote ya maji. Na jana ilikuwa usiku wa joto, hakuna upepo. Nina vipimo viwili vinavyojiandika vyenyewe. Cha upande wa pampu kilianza kushuka saa nane usiku. Cha upande wa wavuvi kilifuata baada ya saa nzima."

"Kwa hiyo kilichoanza, kilianzia upande wa pampu," alisema Sajini.

"Upande wa chuo," alisema Shangazi. "Ambako sisi tumekatazwa hata kukojoa."

*

Kati yao wote, Shangazi alimtaka Bwana Majengo ndiye awe mkosaji. Hilo halikuwa siri. Saa nne walimkuta ofisini, na Shangazi akamwekea swali lake la kibindoni mezani.

"Barua ulichapa lini?"

"Mwezi jana," alijibu bila kupepesa. "Sifichi. Nililitaka ziwa hilo lifukiwe, nilikuwa nasubiri sababu, nikaipata. Wanafunzi wanalala watano chumba cha wawili. Hilo wewe hulioni kwa sababu huvui wanafunzi."

"Na usiku wa jana ulikuwa wapi?"

"Wodini, kwa mama yangu mzazi. Niliingia saa mbili usiku nikatoka kumi na moja alfajiri. Muulizeni muuguzi wa zamu, tuligombana naye."

Sajini alipiga simu hapohapo. Muuguzi alikumbuka ugomvi, neno kwa neno. Shangazi alinuna. Inauma kumkuta mtu usiyempenda hana hatia.

"Kopo la dawa limetoka wapi?" Sajini aliuliza.

Hapo Bwana Majengo alisita. Aliwapeleka stoo ya bustani, nyuma ya nyumba ya pampu. Kwenye rafu makopo yalipangwa matano matano, na safu moja ilikuwa na manne. Alihesabu mara mbili. Uso ulimbadilika, kwa sababu alikuwa mtu wa kuchukia uzembe hata unapomfaa.

Shangazi hakuangalia makopo. Aliangalia pembeni, penye majembe. Vifaa vyote vilikuwa vikavu, vina vumbi, isipokuwa reki moja ya chuma, ya mpini mrefu. Ilikuwa imeoshwa, lakini kwenye kiungo cha meno na mpini palibaki tope jeusi. Alilichokoa kwa ukucha, akalinusa, akampa Sajini naye anuse.

"Tope letu sisi ni la kijivu, la mfinyanzi," alisema. "Hili jeusi linanuka mfereji wa jiko la chuo. Linapatikana sehemu moja tu, chini ya gati la pampu. Funguo za stoo hii ziko kwa nani?"

"Mimi," alisema Bwana Majengo polepole, "na mkuu wa walinzi."

*

Mtumbwi ulikuwa umeburutwa mpaka kwenye kibanda cha walinzi na kufunikwa turubai. Saa saba na robo Sajini aliliondoa, akatoa na kopo kwenye mfuko wake wa plastiki.

"Usiniambie chochote," alimwambia Shangazi. "Nionyeshe."

Shangazi alikinyooshea kidole kibao cha chambo. Kilikuwa kimefunikwa na tope laini jeusi, unene wa ganda la yai, limekauka sasa. Katikati palikuwa na alama ya duara, imegandamizwa juu ya tope hilo. Sajini alichukua kopo, akalishusha taratibu kwenye duara. Likakaa sawasawa.

Alilisogeza, akachungulia kitako chake. Kilikuwa na tope. Akachungulia mfuniko na karatasi ya jina. Safi, kavu, hata gundi haikuachia.

Alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi. "Sasa sema," alisema.

"Mitumbwi yetu inalala chini ya maji, mwanangu. Yote, kila usiku. Nenda kamuulize mvuvi yeyote, nenda leo jioni ukaone. Jana usiku tope la pampu lilivurugwa, likaelea ziwa zima, likatulia juu ya kila kilichokuwa chini, pamoja na kibao hiki. Alfajiri tukaukumba mtumbwi. Ndipo mtu akaja akaweka kopo. Ndiyo maana tope liko chini ya kopo, na juu yake hamna kitu."

"Kama kopo lingekuwa ndani usiku..."

"Lingelowa, na tope lingelifunika."

Sajini alitoa daftari, akaisoma ile sahihi yenye mbwembwe, halafu akausoma mstari ulio juu yake. Mtumbwi wake ulikuwa unaelea pale pale kwenye kigingi chake. Akatabasamu kwa upande wa kushoto.

"Miaka mingapi analinda ziwa hili?"

"Minne. Kutoka gatini, na viatu vyake. Huku kwetu kwenye tope hajawahi kushuka hata siku moja." Shangazi alitupa jicho upande wa gati. "Isipokuwa jana, labda. Sajini, leo amevaa nini miguuni?"

*

Saa kumi kasoro dakika tano kamati ilikuwa gatini, watu sita na meza ndogo ya kusainia. Wavuvi walikuja wote, arobaini na zaidi, wakasimama nje ya kamba. Kimya alikuwa kati ya walinzi wawili. Kama mambo yangeharibika, saa kumi na dakika moja angekuwa garini, na ziwa lingekuwa la kufukiwa. Shangazi alilijua hilo, akakaza kanga kiunoni.

"Kamanda," alianza Sajini, "mtumbwi ulikuwa unaelea?"

"Kama bata. Nimeshasaini."

"Na usiku mitumbwi yote huwa inaelea?"

"Kwenye vigingi vyake. Itakuwa wapi kwingine?"

Upande wa kamba, wavuvi arobaini wakaanza kucheka. Kilianza kicheko kimoja, cha mzee wa nyavu, kikaambukiza wengine mpaka mwisho wa mstari. Sajini akawaeleza wanakamati kwa maneno machache mitumbwi inalala wapi, akawaonyesha kopo, kitako na mfuniko. Kamanda alitazama huku na kule. Hakuelewa mara moja. Alipoelewa, shingo ilimtoka jasho.

"Basi nilikosea mtumbwi," alisema. "Usiku ni usiku. Hilo halisemi nani aliua samaki."

"Kweli," alisema Shangazi. "Kwa hiyo ngoja nikaulize."

Alivua kandambili, akaokota upondo wake, akapita chini ya kamba. Penye ngazi ya gati palikuwa na bango la chuo: MARUFUKU WAVUVI KUINGIA ENEO HILI.

"Mama, hapo ni marufuku!" alipaza sauti Kamanda.

"Najua kusoma." Alishuka ngazi, tope likampokea mpaka nusu ya muundi. "Nikamate. Ingia huku unikamate, mbele ya kamati."

Kamanda aliangalia maji, akaangalia raba zake, akabaki pale pale.

Shangazi alikwenda taratibu, akichoma upondo kila hatua. Miaka thelathini ya kukanyaga tope ilimfundisha kulisoma kwa nyayo. Tope lililotulia linashika. Lililochimbuliwa linaachia. Hatua tano kutoka gatini likaanza kuachia, na eneo hilo lilikuwa pana, upana wa chumba cha darasa. Mtu alikuwa amelilima lote. Alizungusha mguu, akapapasa kwa vidole, akainama mpaka bega likaingia majini. Alipoinuka alikuwa na buti jeusi la kushoto, limejaa tope mpaka juu.

"Mvuvi haingii humu na viatu," aliwaambia wanakamati. "Hata mtoto wa mvuvi haingii. Tope hili linameza kiatu na halirudishi. Mwenye buti hili alikuwa mgeni."

Alilirusha gatini. Sajini alilisafisha ulimi kwa kidole. Ndani palichomwa namba ya sare, saba.

"Namba saba ni mimi," alisema Kamanda haraka. "Mabuti yangu yaliibwa juzi. Muulizeni mwizi mnayemjua."

Kimya alitikisa kichwa. Shangazi alikuwa ameshaendelea. Hatua mbili mbele upondo uligonga chuma. Akagonga tena, gati zima likasikia.

"Kamba," alisema.

Walinzi wawili walimwachia Kimya bila kuambiwa, akashuka na kamba. Wavuvi wengine wanne wakapita chini ya ile kamba nyingine, ya marufuku, kana kwamba haikuwapo. Wakavuta, tope likagoma, wakavuta tena. Kilichotoka kilikuwa na ukubwa wa mtoto wa mbuzi, kimeviringishwa kwenye koti la mvua la walinzi na kufungwa waya. Walipokifungua gatini, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Ilikuwa injini ya boti ya chuo.

Bwana Majengo aliinama, akageuza ukosi wa koti, akasoma namba iliyoshonwa. Akasoma tena. Kisha akamtazama Shangazi, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kuwa na huruma.

"Namba nne," alisema.

Namba nne alikuwa Kimya.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeitafuta, yeye ndiye aliyeitoa, na sasa ilikuwa imelala hapo ikimshuhudia ndugu yake. Kamanda alivuta pumzi, kifua kikamjaa.

"Si niliwaambia?" alisema. "Miaka miwili nawaambia."

Ndipo Kimya alipopanda ngazi, tope likimtiririka, akasimama mbele ya meza.

"Siku ile mvua ilinyesha," alisema. Sauti ilikuwa na kutu, akaikohoa. "Saa kumi jioni alikuja lindoni kwangu amelowa chapachapa. Koti lake alikuwa amelisahau nyumbani. Nikamwazima langu. Asubuhi injini haikuwapo, na koti halikurudi. Niliwaambia. Nilisema kwenye mahojiano ya kwanza, nikasema ya pili, nikasema siku ya kurudisha sare. Mara tatu. Mkaniambia nisipoteze muda wa kamati kwa habari za koti. Basi nikaacha kusema."

Bwana Majengo alikuwa ameketi kwenye kiti cha kusainia, uso mikononi.

"Nilikuwa mwenyekiti wa mahojiano hayo," alisema hatimaye. "Ni kweli. Fomu ya sare iko kwenye faili. Kwenye mstari wa koti huyu aliandika, kwa mkono wake: analo namba saba. Na mimi nikasaini chini yake bila kufikiri."

"Miaka miwili kabla ya mtu yeyote kujua injini imevikwa nini," alisema Sajini. Alimgeukia Kamanda. "Koti uliloazimwa. Buti lako. Ufunguo wako wa stoo. Na mtumbwi ulioelea machoni pako peke yako. Una la kuongeza?"

Kamanda alitafuta uso wa kumwonea huruma, hakuupata. Akaketi kwenye ngazi.

"Nilitaka kuiuza," alisema. "Lakini walianza kukagua kila gari langoni, nikaizamisha nikiwaza nitairudia. Nikaweka fimbo iwe alama. Tope likapanda, likafunika na fimbo. Nimeitafuta mara ngapi sijui. Halafu nikasikia mashine Jumatatu, nayo ingeibeba na koti lake mbele ya watu. Jana nikaingia na reki. Sikujua samaki watakufa. Alfajiri nilipowaona nikasema, basi, wakilaumiwa wavuvi ziwa litafukiwa, na injini nayo itafukiwa. Sikukusudia kuua samaki."

"Samaki hukukusudia," alisema Shangazi. "Ndugu yangu je? Yeye ulimzika mara mbili, na mara zote mbili ulikuwa macho."

Sajini alimfunga Kamanda pingu, akamwacha aende garini na raba zake nyeupe.

Bwana Majengo aliichukua barua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Mabweni bado nayataka," alimwambia Shangazi.

"Yajengeni nchi kavu. Mkianza tena, tutaanza tena. Ngazi za manispaa tunazijua."

Bwana Majengo alikaribia kutabasamu, akajizuia. Akamgeukia Kimya. "Nafasi ya mkuu wa walinzi iko wazi. Ni haki yako, na zaidi ya hiyo."

"Sitaki lindo," alisema Kimya. "Nataka jina langu. Mliandike mlipolifuta, kwenye ubao ule ule, kwa herufi zile zile kubwa. Na lile bango hapo ngazini mling'oe."

Hakuna aliyesema hapana. Mzee wa nyavu hakungoja kamati. Alikwishalishika bango na kukitikisa kigingi chake.

Saa kumi na mbili jioni waliurudisha mtumbwi kwenye maji, wakaujaza ndoo kwa ndoo mpaka ukalala chini pale pale pake. Sajini alikuja kuangalia, kama alivyoambiwa, na kiganja shavuni. Kisha ndugu wawili wakaosha miguu, wakashika njia ya nyumbani. Kimya alianza na ile mvua, akaja kwenye mahojiano, akaja kwenye mambo ya Jumatatu, mashine ianzie wapi na vigingi vihamishiwe wapi. Mpaka wanafika mlangoni alikuwa hajafunga mdomo, na Shangazi, aliyekuwa na mengi ya kusema, alikosa pa kuingilia.